Tunda Linalonyauka Siku ya Saba: Uchambuzi wa Kisa cha Manukato ya Nariphon

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea Bangkok, Thailand, katika karakana ya manukato yenye watu wawili na chumba kimoja juu ya duka la vitambaa. Majina ya wahusika, ya karakana, ya wanunuzi na ya bidhaa yenyewe yameondolewa, na mambo machache yasiyogusa kiini cha habari yamegeuzwa ili wenyewe wasitambulike. Anayetunga harufu nitamwita Fundi. Mwenzake, aliyesimamia mauzo na fedha, nitamwita Mshirika. Mimi nilikuwa mfanyabiashara wa malighafi niliyewauzia mafuta ya langilangi kutoka Komoro, kwa hiyo sikuwa mtazamaji wa pembeni. Mojawapo ya makosa yatakayosimuliwa hapa ni langu.

Usuli: mti, watawa, na mke aliyekwenda kuchuma matunda

Katika masimulizi ya Kithai, chini ya mlima Sumeru ulio nguzo ya ulimwengu kuna msitu uitwao Himmaphan, ambao jicho la binadamu wa kawaida haliuoni. Ulimwengu huo unaelezwa katika maandishi ya Traiphum, yanayonasibishwa na Phaya Lithai aliyekuja kuwa mfalme wa Sukhothai, dola ya zamani ya Wathai, na ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya mwaka 1345. Msituni humo huishi kinnari, ambaye nusu yake ni mwanamke na nusu ni ndege, na humo ndimo unamoota mti wa Nariphon. Nari ni mwanamke, phon ni tunda, na maana iko wazi: mti huo huzaa wanawake, wakiwa wamening'inia kwenye kikonyo kwa utosi kama maembe. Simulizi inayojulikana zaidi husema kwamba tunda hilo halidumu. Ifikapo siku ya saba hunyauka. Hekalu moja mkoani Sing Buri huonyesha vijimwili viwili vilivyokauka, vidogo mno, ambavyo huambiwa wageni kuwa ni Nariphon.

Jambo ambalo wauzaji wa picha na sanamu husahau kulitaja ni sababu ya mti huo kuwapo. Katika kisa cha Phra Wetsandon, yaani maisha ya Buddha ya kabla ya kuzaliwa kwake kama Siddhartha, mwana wa mfalme asiyejua kunyima anafukuzwa mjini na kwenda kuishi msituni na mke wake Matsi pamoja na watoto wao wawili. Kila siku Matsi huenda kutafuta matunda na mizizi, na msitu huo una watawa ambao kwa kutafakari miaka mingi wamepata nguvu za kimiujiza lakini tamaa ya mwili haijawatoka. Mungu Indra, kwa kumhurumia Matsi, akaotesha miti ya Nariphon, ili watawa washughulike na matunda na yeye apite salama. Aliyechuma tunda na kulichukua alipoteza nguvu zake zote. Kisa hicho hughaniwa mahekaluni kila mwaka katika sura 13 zenye beti 1,000 za Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibuddha, na Mthai aliyelelewa karibu na hekalu hukijua kabla hajajua kusoma.

Msomaji wa pwani yetu huenda amekwisha kukumbuka jambo. Wanajiografia wa Kiarabu wa zamani walisimulia habari za nchi ya Waqwaq, penye mti unaozaa wanawake wanaolia "waq waq", na al-Mas'udi, aliyeandika katika karne ya 10, aliitaja Waqwaq pamoja na Sofala kuwa mwisho wa nchi ya Zanj, yaani huku huku kwetu. Sidai kwamba hadithi moja imezaa nyingine. Naitaja kwa sababu iliingia katika kisa hiki kupitia mlango ambao hakuna aliyeutarajia.

Usuli wa pili ni wa harufu. Wathai wana maji yao ya kunukia, nam op, ambayo siku za Songkran kuanzia tarehe 13 Aprili humiminwa juu ya sanamu za Buddha na katika viganja vya wazee, na wana nam prung, manukato ya spiriti yenye asili ya jumba la kifalme. Vyote viwili hutegemea maua tunayoyajua vizuri: asumini, ambayo kwao ni mali na ndiyo ua la Siku ya Mama tarehe 12 Agosti, na langilangi, ambalo kwao ni kradangnga. Kama mama zetu wanavyosuka vikuba, ndivyo na wao wanavyosuka mataji ya phuang malai. Fundi alikulia katika nyumba iliyokuwa ikitengeneza nam op, lakini ufundi wake aliusomea maabara, na kwa miaka kadhaa alikuwa akitunga harufu za sabuni na vilainisha nguo kwa niaba ya wengine. Manukato ya Nariphon yalikuwa kazi ya kwanza ya karakana kutoka na jina lake mwenyewe.

Toleo la kwanza

Wazo lilikuwa la Mshirika, na kwa haki ni lazima isemwe kwamba lilikuwa wazo zuri kibiashara. Wanunuzi wa manukato ya karakana ndogo, wa Bangkok na wa ng'ambo, wanataka hadithi, na hadithi ya mti unaozaa wanawake haihitaji maelezo marefu. Fundi alipewa maagizo matatu: harufu iwe ya tunda, iwe tamu, na idumu juu ya ngozi kuanzia asubuhi hadi jioni.

Alifanya alichoagizwa. Harufu ya embe haipatikani kwa kukamua wala kwa kuvukiza embe. Hujengwa kwa molekuli, na Fundi aliijenga kwa esta, yaani viasili vyenye harufu ya matunda, kwa laktoni inayonukia kama pichi, na kwa chembe ya kiasili cha salfa, kwa maana bila salfa embe hunukia peremende. Chini yake akaweka miski ya maabara na vanilini nyingi, ambayo ndiyo kiini cha harufu ya vanila. Katikati akaweka asumini ya India, kwa kuwa asumini wanayopanda Wathai huishia kwenye mataji, na langilangi langu. Aliniandikia akitaka "iliyo bora kabisa", nami nikampelekea daraja la Extra, ghali kuliko yote, bila kumuuliza anaitaka ifanye kazi gani. Hilo ndilo kosa langu, na nitalirudia.

Chupa ilikuwa ya kioo cheupe, maji ya ndani yamekusudiwa kuwa ya kijani hafifu kama tunda bichi. Lebo ilikuwa na mchoro wa Nariphon akiwa amening'inia, kazi nzuri ya mchoraji kijana, na chini yake maneno ya mzaha kuhusu watawa waliosahau sala zao. Taarifa ya bidhaa ilipelekwa kwa mamlaka ya chakula na dawa, kama Sheria ya Vipodozi ya mwaka 2015 inavyotaka kabla ya kuuza, na lebo zikachapishwa zote kwa mpigo mmoja ili kuokoa gharama.

Mambo matatu yakaja karibu kwa pamoja.

La kwanza lilitoka dukani. Mwenye duka la zawadi ambaye alikuwa ameahidi kuweka chupa hizo kwenye rafu ya mbele, mwanamama wa makamo, aliisoma lebo, akaigeuza chupa ikaangalia ukutani, akasema kwamba mchoro hauna tatizo, kwa kuwa hata kuta za mahekalu zina michoro ya namna hiyo. Tatizo ni maneno. Hadithi inayoghaniwa mbele ya watawa imefanywa utani wa kitandani. Hakukasirika wala hakutoa hotuba. Alisema tu kwamba wateja wake ni watu wanaokwenda hekaluni, na kwamba hawezi kusimama nyuma ya kaunta akaeleza chupa hiyo kwa mtu wa umri wa mama yake.

La pili lilitoka kwa mnunuzi wa Ulaya aliyepelekewa sampuli. Jibu lake lilikuwa fupi: ni tamu, imetengenezwa vizuri, na bila lebo asingeweza kuitofautisha na manukato mengine ya matunda yaliyokuwa mezani kwake.

La tatu lilitoka kwenye rafu ya karakana yenyewe. Baada ya wiki chache, maji ya kijani hafifu yalianza kuwa ya njano, kisha yakawa rangi ya chai. Vanilini peke yake hugeuka rangi kadiri muda unavyopita. Ikikutana na methili anthranilati, iliyomo katika asumini, hujiunga nayo na kuzaa kiasili chenye rangi, na indoli, kiasili kingine cha asumini hiyo hiyo, nayo huelekea wekundu wa kahawia. Fundi aliyajua yote hayo kwa kichwa. Katika kazi ya sabuni alikuwa akiweka sampuli kwenye kabati la nyuzi joto 40 kwa wiki kadhaa kabla ya kutoa neno la mwisho. Safari hii hakufanya hivyo, kwa sababu Songkran ilikuwa inakaribia na Mshirika alikuwa amekwisha kulipia lebo.

Katikati ya mashaka hayo ndipo ulipoingia mlango wa Waqwaq. Eneo la Sukhumvit, karibu na Nana, lina mtaa wenye maduka ya udi na mafuta yanayouzwa kwa wageni kutoka nchi za Ghuba, na Mshirika alipeleka sampuli huko. Mfanyabiashara mmoja alipouona mchoro alicheka na kusema kwamba huo ni mti wa Waqwaq, hadithi aliyosimuliwa na babu yake, na kwamba lebo ikibadilishwa angeweza kuchukua mzigo wa kutosha. Mshirika alirudi karakana akiwa na furaha ya mtu aliyeokoka, kwa kuwa fedha za lebo zingerudi.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kukataa biashara ya Waqwaq, na ndio uliozua ugomvi mkubwa kuliko yote. Mshirika alihoji, kwa haki, kwamba hadithi inayofahamika pande zote mbili za bahari ni mali. Fundi alijibu kwamba mti wa Waqwaq unazaa wanawake wanaolia, basi. Hauna Matsi, hauna sababu ya kuotesha. Wakibadilisha lebo tu na harufu ikabaki ile ile, watakuwa wamekiri kwamba harufu hiyo haikuwa inasema lolote tangu mwanzo. Mimi niliulizwa, na nilisema wauze. Bado naona kwamba kwa hesabu za mwezi ule nilikuwa sahihi.

Uamuzi wa pili haukuamuliwa na mtu, ulitokea jikoni. Fundi alikwenda kwa mama yake mkubwa, ambaye kila mwaka hutengeneza nam op kwa ajili ya ukoo mzima, akaonyesha chupa yenye rangi ya chai na kusimulia yaliyompata. Mama mkubwa alinusa, akasema, "Mwanangu, hili ua umeliweka bichi." Akachukua langilangi lililochumwa asubuhi ile, akalichambua, akashika petali moja kwa kibano na kuipitisha juu ya ulimi wa mshumaa, upesi, bila kuiacha itulie, mpaka ikalegea na pembe zake zikaiva rangi ya kahawia. Petali mbichi ya langilangi ina ukali fulani, unaokaribia dawa ya kusafishia jeraha; ile iliyobabuliwa ilikuwa imetulia, tamu kwa mbali, na nyuma yake mna kitu kama ngozi ya mtu aliyekaa karibu na moto. Niliinusa petali kama hiyo miezi michache baadaye, nami ninayeuza mafuta haya kwa miaka mingi sikuwa nimewahi kuifikiria. Ndivyo wanavyofanya kabla ya kulielesha kwenye maji.

Tena kuna msemo. Wathai humwita mwanamke aliyekwisha kuolewa na kuyajua ya ndoa kradangnga lon fai, yaani langilangi lililobabuliwa motoni, wakimaanisha kwamba harufu yake imezidi ile ya ua bichi. Fundi alikuwa ameusikia maisha yake yote kama mzaha wa watu wazima. Jikoni pale, petali ikiwa bado ina joto, aliona kwamba hadithi aliyokuwa akiihangaikia ina wanawake wa aina mbili: walioko mtini, ambao ni chambo na watanyauka, na mke mwenye watoto wawili anayepita nyuma ya miti akiwa na kikapu. Toleo la kwanza lilikuwa limewekwa upande wa watawa. Toleo la pili lingekuwa manukato ya Matsi.

Kuanzia hapo maamuzi ya ufundi yalifuatana kwa urahisi wa kushangaza. Tunda libaki, lakini liondoke mapema. Laktoni, ambayo hung'ang'ania ngozi kwa saa nyingi, ilipunguzwa mpaka ikabaki kivuli, na mahali pake zikawekwa esta nyepesi zinazoruka ndani ya robo saa, pamoja na harufu ya jani lililokatwa, ili mtu ahisi kikonyo. Vanilini ikatolewa yote. Asumini ikabaki na indoli yake bila kufichwa, kwa kuwa indoli ndiyo inayofanya asumini inuke kama ua lililoanza kuchoka, na kunyauka ndiko kulikotakiwa. Chini yake ikawekwa benzoini, utomvu ambao kwa karne nyingi umebeba jina la Siam, yaani Thailand ya zamani, mafuta ya nagarmotha, ambayo hutoka kwenye mizizi ya jamii ya ndago, na harufu ya mbao yenye kukumbusha udi.

Kuhusu udi palikuwa na majadiliano ya kweli. Mkoa wa Trat una mashamba ya miti ya udi, na Fundi alikuwa na kichupa cha mafuta halisi ambayo angetamani kuyatumia. Lakini tangu mwaka 2005 miti yote ya jenasi ya Aquilaria imo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na mafuta yake huhitaji karatasi za kibali yanapovuka mpaka kibiashara, hata kama mti umepandwa shambani. Kwa karakana ya watu wawili, matone matatu ya udi halisi yangezaa kazi ya ofisi kuliko kazi ya manukato. Wakatumia molekuli za maabara na hawakuandika neno "udi" popote. Nilipendezwa na uaminifu huo, kwa kuwa katika biashara yetu neno hilo huandikwa hata kwenye chupa ambayo haijawahi kupita karibu na mti wenyewe.

Jaribio moja lilisimamishwa, na vizuri. Mama mkubwa hufukiza maji yake kwa thian op, mshumaa wa manukato uliokunjwa kama kiatu cha farasi na kuwashwa ncha zote mbili; ukishashika vizuri huzimwa, huwekwa juu ya kibakuli ndani ya sufuria, mfuniko hufunikwa, na moshi hukaa humo ukiingia majini. Fundi alitaka kufukiza spiriti kwa njia hiyo hiyo. Ethanoli hutoa mvuke unaoweza kushika moto kwenye nyuzi joto 13 hadi 17 hivi kutegemea maji yaliyomo, na chumba cha Bangkok hakishuki kufika huko. Utambi unaofuka ndani ya sufuria iliyofunikwa yenye mvuke wa spiriti ni bomu. Aliacha, akaunda moshi wa mshumaa kwa benzoini, ganda la ndimu ya makrut na chembe ya gwayakoli, kiasili chenye harufu ya moshi.

Na langilangi? Hapa ndipo kosa langu lilipojulikana. Mafuta ya langilangi hayatoki yote kwa namna moja. Yale yanayotoka saa za mwanzo za uvukizaji, yaani Extra, yamejaa benzili asetati na para-kresili methili etha, na ndiyo yenye ule ukali wa ua bichi. Yanayotoka mwishoni, daraja la tatu, ni mazito na yametulia, yenye harufu ya mbao na zeri. Soko hulipa zaidi kwa yale ya mwanzo, nasi wauzaji tumezoea kusema kwamba ghali ndiyo bora. Fundi aliyehitaji ua lililobabuliwa alihitaji daraja la tatu na kiasi kidogo cha Extra juu yake, mchanganyiko ambao bei yake ni ndogo kuliko niliyomtoza mara ya kwanza. Nilimpelekea na tofauti ya fedha nikaifidia.

Rangi, mwishowe, iliachwa iwe yenyewe. Chupa mpya ilikuwa ya kioo cha kahawia. Mchoro wa mti ulibaki lakini ukawa mdogo, pembeni, na mbele yake kikapu. Jina la Nariphon likaondoka kwenye lebo, na kwa maneno ya nyuma mwenye duka aliombwa asome kabla ya kuchapishwa. Alibadilisha neno moja.

Matokeo

Toleo la pili lilikaa wiki 12 kwenye kabati la joto na likatoka na rangi ile ile. Mwenye duka aliliweka, si kwenye rafu ya mbele, lakini aliliweka na ameendelea kuagiza. Mnunuzi wa Ulaya alichukua kiasi kidogo kwa sharti la lebo mpya, kwa sababu Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 iliongeza idadi ya viasili vya mizio vinavyopaswa kutajwa kutoka ishirini na kitu hadi zaidi ya 80, na mafuta ya langilangi na asumini yamo. Orodha ilikuwa ndefu kiasi cha kuumeza mchoro, ikabidi iandikwe kwenye kikasha.

Mauzo yalikuwa ya polepole. Malalamiko yaliyojirudia yalikuwa moja: tunda linakwisha upesi. Baadhi ya wateja walijipulizia dukani, wakapenda dakika kumi za mwanzo, wakalipa, wakarudi siku ya pili kuuliza kama chupa yao ina kasoro. Wengine, na hawa ndio wanaonunua chupa ya pili, walisema hawakuipenda mpaka jioni.

Toleo la kwanza halikufa. Mshirika, ambaye hakuwa amekubali hata siku moja kwamba lilikuwa baya, aliomba fomula hiyo ipunguzwe vanilini, iondolewe asumini, ichanganywe kuwa maji mepesi ya kujipulizia mwilini na kuuzwa kwa bei ya chini, bila mti, bila watawa, bila hadithi yoyote. Fundi alikubali kwa shingo upande. Maji hayo ya embe ndiyo yanayolipa kodi ya chumba.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kilikuwa swali la Fundi kuhusu sababu ya mti. Hadithi ilipokuwa pambo, kila uamuzi wa harufu ulikuwa huru na kwa hiyo hovyo: tunda lolote lingefaa, utamu wowote ungefaa. Ilipokuwa sharti, ilianza kukataa vitu. Ilikataa vanilini, ilikataa laktoni, ilimlazimisha Fundi kuiacha indoli ambayo angeifunika katika kazi nyingine yoyote. Naona pia kwamba ufumbuzi haukutoka kwenye hadithi peke yake. Ulitoka mahali hadithi ilipokutana na mkono wa mtu anayejua kubabua petali. Kama Fundi angalisoma Traiphum mwaka mzima bila kwenda jikoni, angepata maneno mazuri zaidi ya lebo na harufu ile ile.

Kilichoshindikana kina sura kadhaa, na si zote zenye uzito sawa. Kuchapisha lebo kabla ya kumaliza jaribio la uthabiti lilikuwa kosa la kawaida la karakana changa, linaloeleweka na linalogharimu. Kutomwuliza mwenye duka mapema ni kubwa zaidi, kwa maana hakuna aliyehitaji mtaalamu wa dini: ilitosha kumwonyesha lebo mtu mmoja anayesimama kaunta na kuwatazama wanunuzi usoni. Wote wawili walikuwa Wathai, wote wamelelewa karibu na hekalu, na nadhani hilo ndilo lililowaponza. Walijiona wana ruhusa ya kutania kwa kuwa hadithi ni yao, wakasahau kwamba ni ya wengine pia. Kosa langu la langilangi lilikuwa la mwuzaji anayejibu swali la bei badala ya swali la kazi.

Pana jambo ambalo sijalimaliza kichwani. Toleo la pili ni kazi bora, na nimewahi kumtazama mwanamke mzima akinusa kifundo cha mkono wake saa tatu baada ya kujipulizia, akanyamaza. Lakini limejengwa ili sehemu yake ya kupendeza iondoke kwanza, na dukani watu hununua kwa dakika zile za kwanza. Mshirika anasema wameuza chambo na kuwaficha wateja samaki. Fundi anajibu kwamba katika hadithi yenyewe ndivyo ilivyo, aliyekuja kwa ajili ya tunda hupoteza, na mteja mwenye hasira kuhusu dakika kumi amefika mahali pa watawa. Jibu hilo ni zuri kwa mtunzi, na halifai kumwambia mtu aliyelipa. Walichofanya hatimaye ni kuweka dukani kitambaa kidogo kilichopulizwa asubuhi, ndani ya bakuli lenye kifuniko, na mwuzaji humpa mteja anuse hicho kabla ya chupa. Malalamiko yamepungua, na mauzo nayo yamepungua kidogo.

Mkupuo wa tatu uko mbioni. Fundi ameagiza daraja la tatu tena, na safari hii aliandika kwenye oda anachotaka lifanye. Kuhusu Waqwaq, yule mfanyabiashara wa Nana aliwahi kupewa kichupa cha toleo la pili. Alinusa, akauliza embe limekwenda wapi, akanunua maji mepesi katoni mbili.